Uliza Mama Vifaranga: Bluegill wa Marekani, sato waliodumaa na maji ya kisima

Mbukwenyi wasomaji. Barua za mara hii karibu zote zimetoka kanda ya kati, kuanzia Kondoa hadi Manyoni, nami nimefurahi, maana kuna watu bado wanaamini huku kwetu ni mbuzi, zabibu na vumbi tu. Kwa asiyenifahamu: nazalisha vifaranga wa sato na kambale Ihumwa, kwenye mabwawa madogo yanayotegemea kisima kirefu. Sina duka la vyakula vya samaki wala sipokei kamisheni ya mtu, kwa hiyo nikikwambia usinunue kitu, usinunue. Barua nimezifupisha. Salamu zote zimefika.

Kijana wangu anataka kuniletea samaki wa Marekani

"Habari za kazi, Mama Vifaranga. Mimi ni dereva mstaafu, niko Nzuguni. Nyuma ya nyumba nimechimba bwawa la mita 10 kwa 12, maji ni ya kisima. Kijana wangu yuko Alabama, Marekani, na mwenye nyumba wake ana bwawa la samaki waitwao bluegill. Ananitumia picha zao: samaki bapa, shavu la bluu, kifua rangi ya chungwa. Anasema wanazaana wenyewe, huhitaji kununua vifaranga tena maisha yako yote. Desemba anakuja likizo. Akinibebea mayai au vifaranga kwenye chupa, watapona kwa hali ya hewa ya Dodoma?"

Shikamoo mzee wangu. Kwa swali lako lenyewe: wakifika wazima wangepona, tena wangestawi. Bluegill huanza kutaga maji yakifika nyuzi joto 20 hivi, na bwawa la Nzuguni huwa juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka, ukiacha zile baridi za Juni na Julai. Kwa hiyo hali ya hewa haina ubaya. Hata hivyo, samaki huyo asije kabisa.

Samaki hai wa kigeni haingizwi nchini bila kibali cha wizara inayosimamia uvuvi, na ofisi zao ziko Mtumba, barabara hiyohiyo ya kwenu. Ukidhani huo ni usumbufu wa makaratasi tu, sikiliza yaliyowakuta Wajapani. Mwaka 1960 Akihito, wakati huo mrithi wa kiti cha ufalme, alitembelea Marekani akapewa zawadi ya bluegill na meya wa Chicago. Akarudi nao kwa nia njema kabisa, wafugwe, wananchi wapate kitoweo. Baadaye wakaingia maziwani na mitoni. Katika ziwa Biwa, kubwa kuliko yote kule, wakawa wanakula mayai na watoto wa samaki wa asili. Mwaka 2007, wakati huo akiwa ndiye mfalme, Akihito alisema hadharani kwamba jambo lile linamuumiza moyo. Leo sheria ya Japani inakataza kumfuga bluegill au kumhamisha akiwa hai bila ruhusa maalumu. Na tusiende mbali hivyo. Mkute mtu mzima wa Mwanza au Musoma umuulize habari za furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa Victoria, halafu umuulize sangara anayewala aliingizwa ziwani miaka gani.

Utaniambia bwawa lako liko ndani ya uzio. Sawa. Ila mvua ya Januari unaijua inavyokuja, siku nne hakuna kitu, siku ya tano inamwaga kama ina deni. Maji yakipita juu ya ukingo yanashika korongo, makorongo ya upande wenu yanaingia Kinyasungwe, na Kinyasungwe ndiyo inayokwenda kuwa Wami. Hapo hakuna wa kumrudisha samaki.

Tuache sheria, tuzungumze kitoweo. Bluegill ni mtamu, sibishi, lakini hana haraka ya kukua. Kwao huchukua miaka 2 hadi 3 kufika sentimita 15 au 20. Mkubwa kuliko wote aliyewahi kuvuliwa kwa ndoano na kuandikishwa alitoka hukohuko Alabama, mwaka 1950, akapima kilo 2 na ushee, na mpaka leo hajapatikana wa kumzidi. Sato ukimlisha vizuri anafika robo kilo, hata nusu kilo, kwa miezi 6 hadi 8. Mmarekani anamweka bluegill bwawani ili Jumamosi akae na wajukuu wake na ndoano. Wewe unataka samaki wa kupeleka sokoni Majengo. Hizo ni kazi mbili tofauti.

Lakini kuna kitu kimoja kwenye barua yako kimenifanya niiweke ya kwanza. Ni pale kijana anaposifia kwamba wanazaana wenyewe.

Bluegill wakati wa kutaga dume hutafuta kina kifupi chenye changarawe au mchanga, anafagia kwa mkia mpaka anapata kishimo cha mviringo kama sinia. Madume hupanga vishimo vyao karibu karibu, kundi zima. Ndiyo maana wenye vituo vya vifaranga kule humwaga changarawe kwenye pembe za bwawa, kuwarahisishia. Jike anakuja, anataga, anaondoka zake. Dume ndiye anabaki kulinda na kupepea mayai mpaka yaanguliwe, siku 2 hadi 5 kutegemea joto la maji. Jike mmoja hutaga maelfu, na mkubwa huenda hadi makumi ya maelfu, tena anarudia msimu huohuo.

Sasa nenda kwenye bwawa lolote la sato asubuhi, maji yametulia, utazame pembeni. Utakuta vishimo vilevile, na dume yuleyule mkali anayefukuza kila apitaye. Tofauti ni kwamba sato jike hayaachi mayai, anayabeba kinywani. Anataga machache, mamia tu, lakini kila baada ya wiki chache, na karibu watoto wote wanapona kwa sababu mama yupo. Mwisho wa hesabu ni mmoja: samaki wanajaa bwawani kuliko chakula kilichomo, na wote wanabaki wadogo.

Wamarekani tatizo hili waliligundua mapema. Mtafiti wa chuo cha Auburn, hapohapo Alabama, Homer Swingle, alifanya kazi miaka mingi juu ya mabwawa ya wakulima, na ushauri uliotokana na kazi hiyo bado unafuatwa: bluegill haachwi peke yake. Anawekwa pamoja na samaki mla samaki aitwaye bass, kama bass mmoja kwa bluegill kumi. Bass anakula watoto, wanaobaki wanapata nafasi ya kunenepa. Kijana wako amwulize mwenye nyumba wake kama mle bwawani hamna bass. Ninavyoona mimi, yumo, ila kwenye picha hatokei.

Basi mwambie mwanao akuletee maarifa, samaki tunao. Bass wetu ni kambale. Namna ya kumtumia nimeieleza kwenye barua inayofuata, isome hata kama si yako. Bwawa lako la mita za mraba 120 linatosha sato 240 hadi 360 kwa kuanzia, yaani wawili au watatu kwa kila mita ya mraba. Usimsikilize anayekwambia uweke elfu moja na nusu. Huyo ana vifaranga wa kuuza.

Mwezi wa tisa, samaki hawazidi kiganja

"Mama Vifaranga, bwawa langu ni mita 10 kwa 20. Niliweka vifaranga 500 wa sato nilioambiwa ni madume watupu. Sasa ni mwezi wa tisa tangu niwaweke. Nikitupa pumba maji yanachemka kwa samaki, lakini nikivuta wavu mkubwa kabisa hazidi kiganja, na wengine wengi ni kidole. Wateja wanacheka. Nibadilishe chakula? Mama wa Mkonze."

Dada yangu, chakula usikiguse kwanza. Hao wamedumaa kwa msongamano. Uliweka 500, mle ndani leo huenda wapo elfu kadhaa, na huna habari nao kwa sababu hujawahi kulikausha bwawa.

Sato aliyebanana haanzi kuzaa akiwa mkubwa. Anaanza na gramu 30 au 50, akiwa mtoto wa miezi mitatu au minne. Na jike akishabeba mayai na watoto kinywani, siku 10 hadi 14 hivi, hali, au anaonja tu. Anamaliza zamu hiyo, anakula kidogo, anataga tena. Atakua saa ngapi? Chakula unachotupa kinagawanywa kwa watoto wake, na wa jirani yake, na wa binti yake.

Kuhusu "madume watupu". Vifaranga wa namna hiyo hupatikana kwa kuwalisha chakula chenye homoni mara tu wanapotoka kinywani mwa mama yao, kwa siku 21 hadi 28. Akichelewa mtayarishaji, au akiokota vifaranga waliokwisha kujilisha wenyewe bwawani, majike wanabaki. Hata kazi ikifanyika vizuri mmoja mmoja hupenya. Unapokwenda kununua muulize muuzaji: uliwaokota wakiwa na urefu gani? Ulianza kuwalisha siku ya ngapi? Anayefanya kazi hiyo kwa mikono yake atakujibu mpaka umchoke. Anayenunua kwa mwingine na kuuza ataanza kukusifia rangi ya vifaranga.

Njia isiyo na homoni ni kuchambua kwa mkono, na kwa bwawa la ukubwa wako inawezekana kabisa. Subiri samaki wafike gramu 50 hivi. Fanya asubuhi kabla ya jua, ukiwa na beseni mbili zenye maji ya bwawa. Mshike samaki kwa kitambaa kilicholowa, tumbo juu. Nyuma kidogo ya tundu la haja kubwa, kabla ya pezi la chini, kuna kinundu cha nyama. Kipake tone la rangi ya chakula, ile ya bluu wanayotilia keki, halafu kifute kwa kidole. Dume kinundu chake kimechongoka, na rangi inaganda kwenye tundu moja tu, pale nchani. Jike kinundu ni kipana na butu, na rangi inabaki pia kwenye mstari mwembamba uliopinda, umekatiza katikati. Hapo ndipo mayai yanapotokea. Ukishaona kumi wa kwanza huna haja ya kuuliza tena. Wajukuu zangu wanafanya kazi hii haraka kuliko mimi, macho yao bado mapya.

Sasa bwawa lako ulifanyeje. Likaushe. Najua neno "kaushe" kwa mtu wa Mkonze linauma, maji yenyewe ya kununua au ya kuvuta kwa umeme. Kwa hiyo panga iwe Oktoba au Novemba, na maji yake usiyamwage ovyo. Yamejaa mbolea, peleka kwenye mchicha, kwenye mizabibu, hata jirani atakushukuru. Mvua zikianza utasaidiwa kujaza.

Vua wote. Wanaofikia kiganja uza au kausha kwa moshi. Madume vijana waliodumaa usiwatupe, wakipata nafasi na chakula wanaanza kukua tena. Vile vidole vya majike na vifaranga vya kujitokea wauzie wafugaji wa kambale, au wape kuku na bata, hawatakataa. Kisha liache bwawa mpaka tope lipasuke nyufa. Ukiacha vidimbwi, kifaranga aliyebaki kwenye kidimbwi ndiye babu wa shida ya mwakani. Nyunyiza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita za mraba 100, jaza, pandikiza upya.

Kisha kambale. Kwa sato 500 weka kambale 25 hadi 50. Waingie mwezi mmoja au miwili baada ya sato, na wawe wadogo kuliko sato uliokwisha kuwaweka, vinginevyo watakula mtaji badala ya watoto. Kambale mwenye sentimita 8 hawezi kummeza sato wa sentimita 12, ila kifaranga aliyetoka kinywani mwa mama ni halali yake. Siku ya kuvuna unauza aina mbili, na kambale bei yake haina unyonge.

Maji ya kisima chetu yana chumvi

"Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Kibaigwa. Maji ya kisima chetu ukichemsha chai unasikia chumvi, na sabuni haitoi povu. Kuna mtu kaniambia samaki watakufa. Ni kweli?"

Marahaba mwanangu. Sato anavumilia chumvi kuliko mnywaji wa chai. Anakua bila taabu hata kwenye maji yenye gramu 10 za chumvi kwa lita. Bahari yenyewe ina gramu 35. Maji unayoweza kuyanywa, hata kwa kukunja uso, hayajafika huko. Na hayo magumu yasiyotoa povu yana faida yake: tayari yana madini ya chokaa, kwa hiyo hutahitaji kununua chokaa nyingi kama mtu wa maji laini.

Kinachoua samaki kwenye maji ya kisima kirefu mara nyingi ni kukosa hewa. Maji yanatoka chini ya mwamba hayana oksijeni ya kutosha, na mengine yanakuja na gesi zake. Ukisikia harufu ya yai viza, hiyo hapo. Dawa ni kuyarusha. Bomba lisimwage ndani ya bwawa moja kwa moja. Liinue mita moja au mbili, maji yaangukie juu ya mawe yatawanyike, ndipo yaingie. Bwawa jipya likijaa liache siku mbili tatu. Kisha chukua vifaranga kumi tu, watie kwenye kikapu cha wavu ndani ya bwawa, walale humo siku mbili. Wakiamka wanakula, nenda kachukue wenzao.

Ambalo hukuuliza, na ndilo litakalokutoa jasho, ni maji kupungua. Jua letu na upepo wetu wa Agosti huchukua milimita 5 za maji kwa siku, na zaidi miezi ya joto. Kwenye bwawa la mita za mraba 100 hizo ni lita 500, madumu 25 ya lita 20, kila siku, hata kama udongo hauvuji tone. Na kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki. Ndiyo maana usiwe unaongeza tu. Mara moja moja toa maji ya chini, umwagilie, ndipo uongeze mapya. Kama shamba lenu ni kichanga chekundu, shindilia udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata, chini na kingoni, au tandika turubai la mabwawa. Kama ni mbuga tupu, una bahati. Na kabla ya kuchimba ulizia Bodi ya Maji ya Bonde juu ya kibali cha kutumia maji, usije ukafungiwa pampu samaki wakiwa ndani.

Alfajiri wanahema juu ya maji

"Mama, ni mwalimu wa Manyoni. Bwawa langu limekuwa kijani kibichi, nikafurahi. Lakini kila alfajiri samaki wote wako juu wanafungua midomo. Jua likitoka wanashuka. Nawatilia mbolea ya kuku debe zima kila wiki. Wana ugonjwa gani?"

Hawana ugonjwa, mwalimu, wanakosa pumzi. Ule ukijani ni mimea midogo midogo. Mchana inatengeneza oksijeni kwa jua, usiku inaitumia pamoja na samaki na pamoja na ile mbolea inayooza chini. Kabla ya kupambazuka hewa imekwisha. Siku ya mawingu mfululizo utawakuta wameelea, na wakubwa ndio hutangulia kufa.

Simamisha mbolea leo. Simamisha na chakula siku moja au mbili. Ingiza maji mapya kwa kuyarusha kama nilivyomweleza kijana wa Kibaigwa, na toa ya chini. Ukiwa huna maji ya kuongeza, ingia bwawani saa kumi usiku na ndoo, uwe unachota na kumwaga kutoka juu. Ni kazi ya kitumwa lakini imeokoa mabwawa ya watu.

Baada ya hapo pima kwa mkono. Saa nne au tano asubuhi, jua likiwa zuri, zamisha mkono ulionyooka, kiganja kimekunjwa kikitazama juu. Kiganja kikipotea maji yanapofika kwenye kiwiko, mbolea imetosha. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, imezidi, acha kabisa. Ukizamisha mpaka kwapani na bado unahesabu vidole, hapo ndipo uongeze, tena kidogo.

Mashudu ya alizeti yanatosha?

"Sisi ni kikundi cha akina mama, Kondoa. Mashudu ya alizeti tunayapata kirahisi kwenye mashine za kukamua. Tunaweza kuwalisha samaki hayo tu na pumba za mahindi?"

Kwa samaki wakubwa, yawe sehemu ya chakula, ndiyo. Yawe chakula chote, hapana. Mashudu mengi ya huku yamekamuliwa na maganda yake, na maganda samaki hayamfai kitu. Yachekecheni kwanza. Kisha ongezeni unga wa dagaa. Hata yale mavumbi yanayobaki chini ya gunia la muuza dagaa, nunueni, ni mali. Kwa vifaranga wadogo dagaa ndiyo iwe nyingi, maana kifaranga anahitaji protini ya asilimia 40 na kuendelea, na mkubwa anaridhika na 28 hadi 30. Chekecheni iwe laini, mlishe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku.

Na pumba zenye ukungu msizipe samaki kwa kisingizio kwamba ng'ombe kazikataa. Nyinyi wa Kondoa na Chemba mnakumbuka mwaka 2016, sumukuvu kwenye mahindi iliua watu hapo kwenu na upande wa Manyara. Sumu hiyohiyo inaharibu maini ya samaki.

Julai samaki wangu wamegoma kula

"Niko Mpwapwa, milimani. Nimebadilisha chakula mara mbili, bado wanakataa."

Ni baridi. Sato maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hamu inakatika, na kuzaa anaacha kabla ya hapo. Lisha mara moja tu, saa saba au saa nane mchana, nusu ya kawaida. Kinachobaki juu baada ya robo saa kitoe. Usinunue vifaranga mpaka Septemba. Bwawa lako likiwa na upande wa kina cha mita moja na nusu watajificha humo wenyewe.

Vyura wamenimalizia vifaranga

"Mama Vifaranga, nimeanza kuzalisha mwenyewe hapa Hombolo. Naweka vifaranga 300, baada ya wiki mbili nakuta 40. Jirani anasema ni vyura. Ni kweli chura anakula samaki?"

Wapo wanaokula, hasa yule mwenye kucha miguuni anayeishi ndani ya maji. Viluwiluwi wenyewe hawali kifaranga, wanakula chakula chake. Zungushia bwawa turubai lenye kimo cha nusu mita, ulifukie chini kiasi cha kiganja. Kila asubuhi pita na wavu wa chandarua ukiokota mayai yao, zile nyuzi za ute zenye nukta nyeusi zilizojisokota kwenye majani. Usisubiri kesho, maana kesho yameanguliwa.

Lakini kwa upungufu wa kiasi hicho mimi namshuku zaidi kereng'ende. Mabuu yake yanaishi majini, yana taya la kukunja linalochomoka mbele, na kifaranga wa wiki moja hana mbio za kuyakimbia. Ukivuta wavu chini kwenye tope utayaona, rangi ya tope lenyewe, miguu sita. Bwawa la vifaranga usilijaze mwezi mzima kabla; likikaa hivyo wanatangulia wao. Likaushe, lijaze wiki moja kabla, kata majani yote ya kingoni, na vifaranga walee kwanza kwenye kizimba cha chandarua kilichofungwa kwenye miti minne, kitako kikiwa juu ya tope sentimita 30, mpaka wafike gramu 1 au 2. Hapo waachie. Na kizimba ukisugue kila baada ya siku tatu, matundu yakiziba utope maji hayapiti.